Ruzuku ilinunua vishikwambi, leseni nalipa mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba darasani. Nakuandikia usiku, wanangu wamelala, na mbele yangu ipo karatasi niliyoianza mara nne na kuichana mara nne. Ni ripoti. Inatakiwa mwisho wa mwezi.

Miaka mitatu iliyopita shule yetu ilipata ruzuku ya vifaa vya TEHAMA. Vilikuja vishikwambi 40 ndani ya maboksi, projekta moja, na leseni ya mwaka mmoja ya programu ya kujifunzia kusoma na hesabu. Aliyeandika maombi ni mimi. Mwalimu mkuu alinipa kazi hiyo kwa sababu kompyuta ya ofisi ikigoma huwa naitwa mimi. Niliandika kwa moyo wote. Nilisimama mbele ya wazazi nikawaambia watoto wao hawataachwa nyuma tena, na niliamini kila neno nililosema.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, watoto walikuwa wanawahi darasani kabla ya kengele. Mwaka wa pili leseni ikaisha. Nikaenda kwa mhasibu, akanionyesha barua ya ruzuku: fedha ni za kununulia vifaa tu. Haziruhusiwi kulipia leseni, wala intaneti, wala fundi, wala mwalimu msaidizi. Fungu la uendeshaji la shule nalo halitoshi hata karatasi za mitihani. Niliona aibu kuvifungia kabatini vitu nilivyoviomba kwa kalamu yangu mwenyewe, nikalipa leseni kwa mshahara wangu. Nilijiambia ni muhula mmoja tu. Sasa ni muhula wa tano. Mume wangu anajua huwa nachangia "vitu vya shule", hajui ni kiasi gani. Mwezi uliopita tulikosa fedha ya kumalizia karo ya kifungua mimba wetu, akawa anapiga hesabu kwa sauti anajiuliza tumekosea wapi. Mimi nimegeukia ukutani nisionekane uso.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni ninayoyaona darasani. Kuna mvulana wa darasa la nne. Programu inamwonyesha neno na picha nne, akipatia inawaka alama ya kijani. Siku moja nilisimama nyuma yake bila yeye kujua. Lile neno alikuwa halitazami kabisa. Kidole kinakwenda juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, mpaka kijani kiwake, kisha anasonga mbele. Jioni nikafungua akaunti ya mwalimu, imeandika kwamba amemaliza hatua sita na maendeleo yake ni mazuri sana. Kesho yake niliandika ubaoni maneno matatu kati ya hayo aliyoyamaliza. Hakusoma hata moja.

Na bado, Shangazi, kuna binti mmoja mwenye kigugumizi. Kwa miaka miwili hakuwahi kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kishikwambi kilikuwa kinamsomea kupitia visikilizio, naye anafuatisha kwa kunong'ona, anarudia na kurudia, hakuna wa kumcheka. Muhula uliopita aliinua mkono, akasimama, akasoma aya nzima. Nilitoka nje nikajifanya nafuata chaki.

Leo vishikwambi vinavyofanya kazi ni 23. Vingine vimepasuka vioo, vingine betri haimalizi hata kipindi kimoja, sita havipokei tena masasisho ya programu. Darasa langu lina watoto 52.

Mfadhili anataka ripoti ya miaka yote mitatu kabla ya kuamua kama atatoa ruzuku ya pili, ya vishikwambi 60. Mwalimu mkuu ameniita na kuniambia, "Mwalimu, andika vizuri. Usituharibie." Si mtu mbaya. Paa la madarasa mawili linavuja, na kila kinachoingia shuleni kwake ni nafuu. Ameniambia pia kwamba kampuni yenye programu iko tayari kutupa toleo jipya bure mwaka mzima, ilimradi tuwasajili watoto wote kwa majina kamili na tarehe za kuzaliwa. Mwenzangu mmoja ninayemwamini anasema niandike kweli tupu na niachane na mambo haya, kwamba tungekuwa na mwalimu msaidizi wa kusoma na vitabu vya kutosha, vishikwambi tusingevihitaji.

Nikiandika vizuri, vitakuja 60 vingine na leseni yake itaniangukia mimi. Nikiandika ukweli, shule itakosa, wenzangu watasema mimi ndiye niliyefunga mlango, na yule binti atarudi kwenye ukimya wake. Nishauri, Shangazi.

Mwalimu wa karatasi nne

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Pole kwa usiku huo, na pole zaidi kwa mihula mitano uliyoibeba peke yako.

Umeniuliza kuhusu ripoti, ila ndani ya bahasha yako nimekuta mambo yaliyofungana kama uzi uliotatizika. Unaogopa kuidanganya karatasi. Unaogopa pia kwamba uliwadanganya wazazi siku ile uliposimama mbele yao. Na kuna mume anayetafuta kosa la hesabu ambalo wewe unajua liliko. Niruhusu nianze na wazazi, maana naona hapo ndipo unapojihukumu kwa ukali kuliko unavyostahili.

Uliyoyaona kwa yule mvulana na yule binti yameonwa na wengine, tena katika nchi nzima nzima. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 319 za vijijini nchini Peru, baada ya watoto kugawiwa kompyuta ndogo katika mpango wa One Laptop per Child, yaani kompyuta moja kwa kila mtoto. Kabla ya hapo palikuwa na kompyuta moja hivi kwa kila watoto wanane. Katika shule zilizopewa ikawa zaidi ya moja kwa kila mtoto. Alama za hesabu na lugha hazikupanda. Vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri vilionyesha nafuu kidogo, lakini kusoma na kuhesabu kulibaki pale pale.

Halafu sikia na hili. Huko Delhi, India, watafiti Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian walifuatilia watoto waliopata nafasi, kwa bahati nasibu, katika vituo vya baada ya masomo vilivyotumia programu iitwayo Mindspark. Kwa miezi minne na nusu tu, watoto hao waliwapita mbali wenzao waliokosa nafasi, katika hesabu na katika Kihindi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Programu ile ilikuwa inampima kila mtoto na kumwanzishia pale alipo, hata kama yuko darasa la saba na anayoyajua ni ya darasa la tatu. Na kuna jambo ambalo mara nyingi huachwa habari hii inaposimuliwa: nusu ya muda watoto walikuwa kwenye kompyuta, nusu nyingine walikuwa katika kundi dogo na msaidizi wa kufundisha. Binadamu alikuwepo pale pale.

Nimeyaleta haya kwa sababu naona umejiwekea majibu mawili tu, vinafaa au havifai, na kila jibu linakuumiza. Binti yule na mvulana yule wametumia kifaa kimoja, programu moja, chumba kimoja. Ukiandika "vimefaa" umemsahau mvulana, ukiandika "havikufaa" umemsahau binti. Je, umewahi kujaribu kuandika ripoti inayowataja wote wawili, bila majina yao? Mfadhili mwenye akili hujifunza zaidi kutoka kwa kidole kinachotafuta kijani kuliko kutoka kwa ukurasa wa asilimia. Kesho yake ulifanya jambo kubwa kuliko unavyolihesabu: maneno matatu ubaoni. Kile ni kipimo. Ukikifanya kwa watoto wote 52, dakika mbili mbili kila mmoja, utakuwa na kitu ambacho akaunti ya mwalimu haijawahi kukupa. Lakini nisikufiche, kipimo hicho kinaweza kuonyesha kwamba wengi wako upande wa mvulana. Jiulize kama uko tayari kulijua hilo kabla hujalipima.

Sasa nije kwenye mfuko wako, na hapa nitasema taratibu.

Unaogopa kuandika ripoti ya uongo. Mwanangu, naona mshahara wako umeshaiandika. Kwa mihula mitano leseni imekuwa ikilipwa na hakuna kitabu cha hesabu cha shule kinachoonyesha nani amelipa. Mfadhili anaona vifaa alivyotoa vinaendelea kutumika bila gharama yoyote ya ziada. Mwalimu mkuu anaona hivyo hivyo, kwa hiyo 60 vingine haviwezi kumtisha. Je, anajua? Barua yako haisemi kama aliwahi kuambiwa kwamba leseni inatoka mfukoni mwako. Kama hajui, basi maneno yake "usituharibie" ameyasema akiwa anaona nusu ya picha, na nusu iliyobaki unayo wewe. Ulifanya kwa upendo, hilo sina shaka nalo hata kidogo. Ila upendo ule umeificha gharama ambayo ndiyo hasa kiini cha matatizo ya vifaa hivi kila mahali.

Maana kununua ndiyo sehemu rahisi. Baada ya hapo kuna leseni, intaneti, umeme wa kuchaji, fundi, betri, kuwanoa walimu, na siku ya kubadilisha kifaa kizima. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inasema bidhaa hizi hubadilika kila baada ya miezi 36 kwa wastani. Miaka mitatu. Tazama vile sita vyako visivyopokea masasisho, vimekwenda na kalenda hiyo hiyo. Ripoti hiyo hiyo inataja Marekani, nchi isiyo na uhaba wa vifaa, kwamba leseni za programu za elimu kwa wastani asilimia 67 hazikutumika kabisa. Kwa hiyo hata penye fedha, fedha huingia kwenye kabati.

Mwenzako anayesema mwalimu msaidizi na vitabu vingetosha ana hoja nzito, nami moyo wangu unaelekea kwake. Bado nina swali kwa ajili yake. Anazungumza kana kwamba fedha ile ile ingeweza kumlipa msaidizi, wakati mhasibu alikuonyesha barua inayokataza. Wafadhili wengi hupenda kutoa kitu kinachohesabika, kinachopigwa picha, na kinachokwisha siku ya makabidhiano. Mshahara hauna siku ya makabidhiano, unadaiwa kila mwezi, na ruzuku ikikoma mtu anabaki hana kazi na shule inabaki na lawama. Hata serikali hutenganisha fungu la maendeleo na fungu la matumizi ya kawaida, na shule nyingi hufa njaa kwenye hilo la pili huku maboksi mapya yakiingia kupitia la kwanza. Kwa hiyo kuikataa ruzuku hakutakuletea msaidizi. Huenda kukakuachia tu kabati tupu. Huenda, nasema, kwa sababu kuna jambo ambalo sijaona mtu yeyote katika barua yako amelifanya: kumuuliza mfadhili.

Mmekadiria atakachosema, wewe na mwalimu mkuu, na mmekadiria kwa hofu. Hajaulizwa kama badala ya vishikwambi 60 anaweza kutoa 20 na fedha ya leseni ya miaka mitatu, pamoja na fundi na mafunzo. Hajaulizwa kama masharti yake yanaruhusu sehemu yoyote ya uendeshaji. Anaweza kujibu kwamba sheria zake hazimruhusu, na mkakosa vyote. Hatari hiyo ni ya kweli, paa linalovuja nalo ni la kweli, sitalifanya dogo. Ila hatari ya kupokea 60 vyenye njaa ile ile umeshaiishi, unaijua ladha yake.

Ukiamua kupita njia hiyo, fikiria sana nani asikie kwanza. Mwalimu mkuu akiyasoma haya kwa mara ya kwanza ndani ya ripoti, ataona umemzunguka, na pengine atakuwa na haki. Akiyasikia ofisini, mlango umefungwa, na risiti zako mezani, mazungumzo yatakuwa mengine. Huenda akakasirika kwa sababu hukumwambia mapema. Huenda akaogopa, maana jina lake nalo liko kwenye ripoti za miaka iliyopita. Mpe nafasi ya kuwa mwenzako katika hili kabla hujamweka upande wa pili. Na kama atakuambia uandike vizuri hata baada ya kuona risiti, hapo utakuwa na uamuzi mgumu kweli, lakini utakuwa uamuzi mwingine na huu ulio nao usiku wa leo.

Kuhusu zawadi ya kampuni, hapa nitaongea kwa mkazo zaidi, maana watoto hawapo mezani kujisemea. Mwaka 2022 Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, walichunguza bidhaa zaidi ya 160 za elimu ya mtandaoni zilizokuwa zimependekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la korona. Asilimia 89 zilionekana kushughulikia taarifa za watoto kwa namna inayohatarisha haki zao. Sisemi kampuni yenu ni miongoni mwao. Nasema tarehe ya kuzaliwa ya mtoto si mali yako wala ya mwalimu mkuu kuibadilisha na leseni. Wazazi waliokusikiliza siku ile ndio wenye kuulizwa. Uliza programu inashindwa nini mkiwasajili watoto kwa namba. Uliza taarifa zinakwenda wapi mwaka ukiisha, na kama mnaweza kuzifuta. Na bure yenyewe huwa na mwisho: Google walizipa taasisi za elimu nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi mafaili mtandaoni kwa miaka, kisha mwaka 2021 wakatangaza kwamba kikomo kinakuja, na walioweka kila kitu humo wakaanza kupunguza. Edmodo, jukwaa lililotumiwa na walimu wengi duniani, lilifungwa mwaka 2022. Mwaka mmoja wa bure unaweza kuwa msaada mkubwa kwenu, au unaweza kuwa muhula wako wa sita unaokusubiri mbele ya safari.

Ulichokiogopa zaidi, naona, ni binti kurudi kwenye ukimya. Hapo nilikaa sana na barua yako. Kilichomsaidia, kwa maelezo yako mwenyewe, ni sauti ya kufuatisha, kurudia bila kuhesabiwa, na kutochekwa. Kishikwambi kilimpa vyote vitatu, nakishukuru. Lakini je, vyote vinategemea leseni? Sauti yako ukiirekodi ukisoma hadithi fupi itabaki ndani ya kifaa hata intaneti ikikatika. Zipo pia programu huria zisizo na ada, kama Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Hazitafanya yote ambayo ile ya kulipia inafanya, na kuzipanga kutakula muda wako, ambao nao una bei ingawa hakuna anayeulipia. Sitaki nikupunguzie mzigo wa fedha nikuongezee wa saa. Nataka tu uone kwamba huenda sauti ya yule mtoto haijafungwa kwenye malipo ya leseni kama unavyohofia. Mwenyewe umesema alisimama akasoma. Kishikwambi kilikuwa wapi wakati huo, mkononi mwake au mezani?

Nimebakiza nyumbani. Mume wako anatafuta kosa katika hesabu za nyumba na halioni, na kila siku anayotafuta inakuongezea uzito. Sijui atalipokeaje. Unamjua wewe. Wapo wanaume wangeumia kwa ajili ya karo, wapo ambao wangeumia zaidi kwa kufichwa. Unaweza kusubiri mpaka ripoti iishe, ili uwe na vita moja kwa wakati mmoja. Naelewa kabisa ukichagua hivyo. Ila angalia: ukienda kwa mwalimu mkuu na risiti zile, kuna watu shuleni watajua kabla yake. Shule ni mahali padogo.

Na kuhusu kuendelea kulipa, sitakuambia acha kesho. Nitakuuliza tu: kama muhula ujao mwalimu kijana aliyeajiriwa jana angekuambia analipa leseni ya darasa kwa mshahara wake na anamficha mkewe, ungemwambia nini? Andika jibu hilo kwenye karatasi ya tano, kabla ya ripoti.

Niandikie tena, hata kama ripoti itakuwa imeshakwenda. Na yule binti, umeniambia alisoma aya nzima, hukuniambia aya ilikuwa inahusu nini. Ningependa sana kujua.

Shangazi